Aliyeuliza Bei ya Moto

Hakuwa mtu wa salamu. Alikuwa akisimama mlangoni mwa duka langu pale Gitothua, anavua miwani ya jua, ananiuliza, "Mkaa?" Nikimjibu anauliza, "Mafuta taa?" Halafu, "Gesi ya kilo sita? Ya kumi na tatu?" Habari ya asubuhi ilikuja mwisho, kama chenji, na siku nyingine chenji yenyewe hakunirudishia.

Mtaani tulimwita Mama wa Bei. Kazi yake ilikuwa kuzunguka madukani kila mwezi, kuanzia Ruiru mpaka Thika, akiuliza bei za vitu vile vile katika maduka yale yale, ili wakubwa wa takwimu wajue maisha yamekuwa ghali kiasi gani. Wenzake walipewa unga, nguo, nauli, dawa. Yeye alipewa moto: mkaa, kuni, mafuta taa, gesi na stima. Aliifanya kazi hiyo kwa mkataba wa muda, ukiisha unaongezwa, ukiisha unaongezwa, kwa miaka mingi. Duka langu lilikuwa miongoni mwa maduka yake tangu nilipolifungua mpaka walipoliondoa, na ndiyo sababu naweza kumsimulia. Alikozaliwa sikukujua, na ukoo wake hakuwahi kuutaja. Nilimjua kwa hasira yake, na nakiri kwamba hasira hiyo iliniambukiza, kwa hiyo mtu akiona sauti yangu inapanda humu ndani asishangae.

Kulikuwa na maneno ambayo hungeyatamka mbele yake. Mteja wangu mmoja alikuja kununua mkaa wa jioni, akasema tu kama watu wanavyosema, "Siku hizi bei imepanda."

Mama wa Bei akamgeukia. "Imepanda na nini, ngazi?"

Yule mama akashusha mfuko wake.

"Bei haipandi," akamwambia. "Bei hupandishwa. Kuna mtu ameinua mkono akaipandisha. Ukisema imepanda, unamficha."

Mteja alinitazama mimi kana kwamba nimemleta huyo mwanamke makusudi ili amharibie siku. Tangu hapo, akimwona kwa mbali na ile suti yake ya kijivu, alikuwa anapita upande wa pili wa barabara.

Suti hiyo nayo ni ya kutajwa. Kulikuwa na vumbi kwetu, na mvua ikinyesha kulikuwa na matope, lakini yeye alitembea humo na nguo zilizopigwa pasi mpaka mistari ikasimama, na manukato yaliyoshinda harufu ya mafuta taa. Siku moja alipoumwa na goti nilikwenda kumwona kwake Gatongora. Nyumba ilikuwa na balbu moja inayowaka, na nilipotaka kuwasha ya jikoni akaniambia niache, macho yangu bado ni mazima. Lakini pasi ya stima ilikuwa mezani, moto, na mbele yake rundo la vitambaa. Alikuwa anapiga pasi taulo za jikoni. Leso. Hata ile nguo ya kushikia sufuria.

"Mama, tokeni zako za stima hazikuumi?" nikamwuliza.

"Zinaniuma," akasema, na hakuacha. "Lakini ukiingia kwa duka la mtu na nguo imekunjamana, anakujibu kama anafukuza kuku. Nimesomea hii kazi, Mama Ciku. Sitaki mtu anijibu kama kuku."

Kweli alikuwa amesoma. Alikuwa na diploma yake ya takwimu, na Kiingereza alichokitumia alipotaka mtu ajue mahali pake. Aliringa. Watu wengi wa mtaani hawakumpenda, na sina sababu ya kudai walimkosea.

Chai kwangu hakunywa hata mara moja. Nilijaribu miaka ya kwanza, kwa sababu kwetu mgeni kuondoka bila chai ni aibu ya mwenye nyumba. Alikuwa anakitazama kikombe kama kitu nilichookota. "Wewe unajua chai inaitwa nini huku Kenya," alisema. "Hata ukiweka maziwa ni hongo." Wala hakununua kitu kwangu. Gesi yake aliifuata Juja, na mtungi akaubeba mwenyewe kurudi, na goti lile, ili asinunue kwa mtu ambaye anaandika bei zake. Alisema akinunua kwangu atanionea huruma, na huruma itaingia kwenye bei.

Huruma alikuwa nayo. Tatizo ni mahali alipoiweka.

Kulikuwa na mzee mmoja aliyekaa peke yake kwenye ploti nyuma ya kanisa. Wakati mafuta taa yalipotozwa ushuru mpaka yakakaribia bei ya dizeli, mzee huyo alianza kuja na chupa ndogo ya dawa ya kikohozi. Alinunua mafuta ya kuwashia jiko tu, mkaa ukishika basi. Pampu yangu haikuweza kupima kidogo namna hiyo, nikawa namkadiria kwa macho, na macho yangu yalikuwa yanamwongeza. Siku moja Mama wa Bei alikuja mzee akiwa amesimama pale.

"Usimwongeze," akaniambia.

"Ni mzee, mama."

"Naona ni mzee. Ukimwongeza mbele yangu, nikiandika bei yako ni uongo. Mpe ya pesa yake."

Nilimpa ya pesa yake, vitone vya kulowesha kitako cha chupa, na mzee akaondoka akiikinga kwa mkono kama mshumaa. Siku hiyo nilimchukia Mama wa Bei. Nilimwambia ana roho ya jiwe, na yeye akavaa miwani yake akaenda. Baada ya muda mzee akarudi, ana mtungi mpya wa plastiki wa lita tano, akataka niujaze. Alisema kuna mwanamke amemshika mkono kwenye kona, akampa pesa na kumtukana. "Amenitukana sana," mzee akasema, bado ameshangaa. "Ati kwa nini ninakubali."

Nilipomwuliza Mama wa Bei mwezi uliofuata alikana katakata kwamba ni yeye.

Vijana wa boda walipenda kukaa kivulini mbele ya duka, na redio yao ikisema kwamba gharama ya maisha imeshuka walikuwa wanacheka mpaka wanapigana mabega. Mmoja alisema siku moja, "Hizo namba hupikwa. Jamaa wako ofisini na chai, wanapika."

Bahati yake mbaya, Mama wa Bei alikuwa ndani.

"Nani anapika?" akatoka. "Mimi ndio huleta hizo namba. Nimezipikia wapi? Kwa jiko gani?"

"Mathe, si wewe tunasema."

"Ni mimi mnasema. Hakuna mwingine anatembea hii Gitothua akiuliza. Nimeingia duka la huyu mama mvua ikinyesha. Nimeingia Makongeni kwa wauza mkaa na mguu mbovu. Ukiwa na bei ingine lete risiti nione."

Kijana akasema pole. Hakumwachilia mpaka pikipiki zote zikawashwa na kivuli kikabaki kitupu. Hivyo ndivyo alivyoitetea ile namba kwa watu wa nje, kama mama anavyomtetea mtoto hata kama ameiba. Ofisini, baadaye, alikuja kupigana nayo. Hilo lilianza na jambo la mama wa shamba la maua.

Huyu alikuwa mteja wangu wa kila siku, anafungasha maua kwenye shamba moja upande wa Thika, mikono yake imechanika kwa miiba na dawa. Alikuja jioni moja akasimama tu kwenye kaunta bila kuomba kitu. Mama wa Bei alikuwa anamalizia maswali yake. Nikamwuliza yule mama kuna nini.

"Wametunyima nyongeza," akasema. "Chama cha wafanyakazi kilienda kuongea na wenye shamba. Wakatuonyesha karatasi ya serikali. Ati chakula imeongezeka kidogo, hiyo watafikiria. Lakini ati mkaa ni bei ile ile, kwa hivyo hatuna shida ya kupika." Akacheka kidogo, kicheko cha mtu aliyechoka. "Na mimi nanunua mkebe wa mkaa mara mbili siku hizi. Mmoja hauivishi maharagwe."

Niligeuka kumtazama Mama wa Bei. Sikuwahi kumwona hivyo. Uso ulikuwa umempauka.

"Mara mbili?" akauliza.

"Asubuhi moja, jioni moja. Zamani ulikuwa moja."

"Na bei ya mkebe?"

"Ni ile ile, mama. Hiyo hawadanganyi."

Mama wa Bei aliomba mkebe wangu wa kupimia mkaa. Ni mikebe ya rangi, ile ya lita nne, wauza mkaa wote tunaitumia, na sisi sote tuliinunua sokoni kwa mafundi wa majiko. Akaupindua. Kitako kilikuwa kimegongwa kwa nyundo mpaka kikaingia ndani kama kofia iliyokaliwa, na ukingo wa juu umekatwa. Ndivyo ilivyouzwa yote. Gunia nalo lilipungua kwa namna hiyo hiyo: lori lilileta magunia yenye urefu ule ule, lakini juu yamejazwa majani, na katikati vumbi. Aliyepunguziwa gunia alipunguza mkebe. Hakuna aliyegusa bei, kwa sababu bei ndiyo watu wanaiangalia.

"Kwa hivyo mimi nimekuwa nikiandika bei ya mkebe," Mama wa Bei akasema polepole, "na mkebe unaliwa."

Alikaa chini. Mara ya kwanza kukaa dukani kwangu. Kisha akaanza kukasirika, na sikuwahi kuona hasira ikipanda kwa utaratibu namna ile, kama maji yanayochemka, kwanza kimya, halafu kitu kidogo pembeni, halafu yote. Alimkasirikia fundi wa mikebe, akamkasirikia mwenye lori, akamkasirikia aliyemtoza mwenye lori barabarani usiku ili mkaa upite. Mwisho akafika kwa wale wenye shamba waliokaa mezani na karatasi yake. "Mimi nimetembea na huu mguu," akasema, "ili wamnyime huyu mwanamke mshahara."

Mwezi uliofuata alikuja na mzani wa kuning'iniza, ule wa wauza nyama, alioununua kwa pesa zake. Akaanza kupima. Kila duka la mkaa kutoka kwetu hadi Makongeni alipima mkebe, akaandika uzito pembeni, kwenye sehemu ya maoni. Wauzaji wengine walimfukuza, wakidhani ni kanjo, askari wa kaunti. Mmoja wa Thika alimmwagia maji machafu kwenye suti. Alirudi kwa huyo mtu siku ya pili, na suti nyingine, imepigwa pasi.

Ofisini walimwambia fomu inasema mkebe, haisemi kilo. Alinisimulia yeye mwenyewe, akiiga sauti ya msimamizi wake, kijana mpole ambaye nadhani alimwogopa. "Mama, tukibadilisha kipimo, hatuwezi kulinganisha na mwaka jana." Naye akamwambia, "Mwaka jana mmelinganisha nini, mkebe na kikombe?" Alisema kijana alikubali kwamba ana hoja, akaahidi kuipeleka juu. Ikaenda juu. Vitu vinavyokwenda juu katika nchi hii havirudi isipokuwa ni ushuru.

Halafu zikaja tableti. Karatasi zikaondolewa, na kwenye tableti ile sehemu ya maoni haikuwepo. Uzito wote aliokuwa ameuandika kwa miezi ile hakuna mtu aliyewahi kuusoma. Na pamoja na tableti ukaja uamuzi mwingine: maduka madogo ya mkaa yapunguzwe, bei zichukuliwe zaidi kwenye vituo vya mafuta na maduka makubwa ya kando ya barabara kuu, kwa sababu huko kuna risiti. Alikuja kuniambia kwamba mimi nimeondolewa.

"Ni nani huku ananunua mkaa supermarket?" nikamwuliza.

"Hakuna," akasema. "Hiyo ndio raha yake. Hakuna mtu atakuja kubishana."

Katika maisha yangu nimeibiwa mara kadhaa. Nimeibiwa mtungi mchana kweupe, nimeibiwa simu kanisani. Lakini sikuwahi kuhisi kama nilivyohisi siku ile, kwamba watu wote wanaokuja dukani kwangu na vibuyu na mifuko yao wamefutwa kwa kidole kwenye kioo, na kesho redio itasema wanaishi vizuri. Nilitaka kuvunja kitu. Mama wa Bei aliuona uso wangu, na kwa mara ya kwanza akanishika bega.

"Usivunje yako," akasema. "Kuna mkutano Thika."

Ulikuwa mkutano wa kuchukua maoni ya wananchi juu ya ada za stima na mafuta ya nyumbani. Tulienda pamoja, mimi nikiwa na mfuko wa mkaa na mikebe miwili: huu wa siku hizi, na mmoja wa zamani, mzima, ambao nilikuwa nawanyweshea kuku maji. Yeye hakubeba kitu. Alivaa suti ya bluu ambayo sikuwahi kuiona.

Ukumbi ulijaa. Mbele kulikuwa na meza ndefu yenye kitambaa cheupe, chupa za maji, na wakubwa wanne au watano na mwenyekiti wao katikati. Mtu mmoja alisimama akatuonyesha michoro ukutani, kwa Kiingereza, na moja ya ile michoro ilikuwa mstari uliolala kama mtu aliyeshiba. Alisema huo ni mkaa. Ulikuwa umetulia kwa muda mrefu, alisema, na hilo linatia moyo.

Wananchi waliambiwa wajipange, kila mmoja atapewa dakika mbili. Zamu yake ilipofika Mama wa Bei alianza kwa Kiingereza kizuri, akasema jina lake na kazi yake, na nikaona wale mezani wananyanyua vichwa, wamefurahi kupata mtu wa kwao. Kisha akaingia Kiswahili.

"Huo mstari ni wangu," akasema. "Mimi ndio niliuleta. Bei ya mkebe haijabadilika, hiyo ni ukweli. Sasa tuangalie mkebe."

Akaninyooshea mkono. Nilimpa wa zamani, nimeujaza. Akaenda mpaka kwenye meza akaumwaga juu ya kile kitambaa cheupe, mbele ya mwenyekiti. Akanyoosha mkono tena, nikampa wa siku hizi, akaumwaga kando ya ule wa kwanza. Vumbi jeusi likapanda. Lundo moja lilikuwa kilima, lingine lilikuwa kama mavi ya mbuzi, na samahani kwa neno hilo lakini ndilo alilolitumia.

"Hii na hii ni bei moja," akasema. "Kuna mama anafungasha maua hapa Thika. Amenyimwa nyongeza ya mshahara kwa sababu ya huo mstari wenu. Mwambieni apike na hii."

Watu nyuma walipiga makofi, wengine walipiga mbinja. Mezani mmoja alikuwa anapangusa simu yake. Mwingine alicheka, si kwa ubaya, alicheka kama mtu anayetazama kichekesho. Mwenyekiti akasogeza chupa yake ya maji mbali na vumbi.

"Asante sana, mama," akasema. "Tumechukua maoni yako."

"Mmechukua," akajibu. "Leo hilo ndilo neno la kweli mmesema."

Akatoka. Mimi nilibaki kukusanya mikebe, na nilipoinama mama aliyefagia ukumbi akaja karibu yangu akaniuliza kwa sauti ya chini, "Huu mkaa mnauacha?" Nikamwambia achukue. Aliukusanya wote kwenye mfuko wa plastiki, malundo yote mawili, mpaka vile vipande vidogo vilivyoanguka chini ya viti vya wakubwa, na wakubwa waliinua miguu kumpisha huku wakiendelea na mkutano.

Hawakumfukuza kazi. Kumfukuza mtu kunahitaji sababu, na sababu inaweza kujibiwa. Mkataba wake ulipoisha waliita watu kwenye mafunzo ya mkataba mpya, na yeye hawakumwita. Alimpigia msimamizi wake, akaambiwa atajulishwa. Alipiga tena. Miaka yote ile alikuwa mtu wa muda, kwa hiyo hapakuwa na kiinua mgongo, wala sherehe, wala hata mtu wa kumwambia tableti airudishe wapi. Mwishoni kijana mmoja alikuja kuichukua kwa pikipiki.

Ninalolikasirikia mimi si hilo peke yake. Mama wa maua alihama, sijui yuko wapi. Wenye shamba wapo. Mstari nadhani bado umelala. Mimi mwenyewe niliacha mkaa nikabaki na gesi, na biashara si mbaya, maana watu wanaoweza kununua gesi wamejenga maghorofa kila mahali kutoka kwetu hadi Juja. Mara mbili nilikwenda Gatongora kumtafuta. Mara ya pili nilikuta wapangaji wengine, na nyumba yote imewashwa taa mchana.

Nilimpata Mugutha, mwaka jana, bila kumtafuta. Nilikuwa nimepeleka mitungi kwenye ghorofa jipya, na wakati wa kurudi nikaona mwavuli kando ya barabara ya vumbi, sufuria mbili kubwa juu ya mawe, na foleni ya wanawake wenye mabakuli. Aliyekuwa anapima kwa kikombe alivaa aproni iliyopigwa pasi.

Alikuwa anauza githeri ya mahindi na maharagwe, na maharagwe matupu yaliyochemshwa. Siku hizi ni biashara kubwa kwetu. Mtu hanunui maharagwe makavu, kwa sababu kuyaivisha ni ghali kuliko maharagwe yenyewe, kwa hiyo ananunua yaliyoiva, anakwenda kuyakaanga tu kwa kitunguu. Yeye alipikia mabaki ya mbao kutoka kwenye mijengo, ambayo mafundi walimwuzia kwa mkokoteni.

"Mama Ciku," akasema aliponiona. "Gesi ya kilo sita?"

Nilimtajia bei. Akatikisa kichwa, akaniambia nikae kwenye jiwe. Alikuwa amekonda, na goti lilikuwa limefungwa kitambaa, lakini sauti ilikuwa ile ile. Tuliongea kidogo. Nilimwuliza kama bado ana hasira na watu wa takwimu, akasema hasira anayo, ila asubuhi huwa hana nafasi, maharagwe ni ya kuwekwa motoni alfajiri.

Tukiwa hapo akaja msichana na tableti na kitambulisho shingoni. Alikuwa na adabu. "Shikamoo shosho," akamwambia Mama wa Bei, kama mtu anayemsalimu bibi yake, halafu akanigeukia mimi kwa sababu ya mitungi kwenye pikipiki. "Auntie, nachukua bei za energy ya nyumba. Naweza kuuliza gas unauza aje?"

Nilimjibu. Akagusa kioo, akatabasamu. "Imeshuka kidogo kuliko mwezi uliopita. Si hiyo ni poa."

Mama wa Bei aliweka kikombe chini. "Na mimi hauniulizi?"

"Shosho, wewe uko kwa chakula. Kuna mwingine anafanya chakula."

"Hawa hawanunui chakula kwangu," akasema. "Maharagwe makavu yako pale dukani, bei nusu. Wananunua moto. Andika kwa moto."

Msichana aliangalia tableti yake kwa muda. Naamini alitafuta kweli. "Haina mahali," akasema. "System inauliza gas, stima, mafuta, makaa na kuni. Pole shosho."

"Basi waulize hao. Uliza kama wana gesi."

Msichana akamgeukia wa kwanza kwenye foleni, mama kijana mwenye mtoto mgongoni. "Uko na gas kwa nyumba?"

"Niko nayo," akasema yule mama. "Iko tupu tangu Pasaka. Nimewekelea TV."

Wanawake kwenye foleni wakacheka. Mwingine akasema wake ni kiti cha mgeni. Msichana hakucheka. Alisimama na kidole juu ya kioo.

"So nikiandika uko na gas…" akaanza.

"Andika," Mama wa Bei akamkata. "Si anayo."

Nilitarajia atamwendea kama alivyowaendea wale vijana wa boda, na nilikuwa nangoja, nilitaka. Hakumwendea. Alichukua kikombe akamwambia mama wa mtoto alete bakuli. Alimpimia, akampimia wa pili na wa tatu. Msichana alikuwa bado amesimama kando, tableti imezimika mkononi. Foleni ilipopungua akafungua mkoba wake, akatoa kibakuli cha plastiki chenye kifuniko, akakipangusa kwa kiganja.

"Shosho," akasema, hakumtazama. "Na mimi nipimie. Kikombe kimoja."

Mama wa Bei alimpimia. Alijaza kikombe mpaka juu, akakisawazisha kwa kisu, hakumwongeza punje na hakumpunguzia. Akapokea pesa akazitia kwenye aproni. Msichana akafunga kile kibakuli cha moto kwa leso, akakiweka ndani ya mkoba pamoja na tableti, akavuka barabara kwenda duka lililofuata kuuliza bei ya gesi.